Pamba Ndani ya Matao ya Tairi

Fundi alipopitisha grainda kwenye bati la juu ya tairi la nyuma la kulia, cheche ziliruka kidogo halafu zikakoma, ukaanza kutoka moshi. Akazima mashine. Akaingiza bisibisi kwenye mpasuko, akachokonoa, akavuta. Ikatoka pamba.

Sisemi uzi wa pamba. Ilitoka kama utumbo wa mbuzi, nyeusi, imeloa, inanuka oili na maji yaliyolala. Fundi akawa anaivuta mkono kwa mkono kama mtu anayepandisha wavu, na kila alipovuta, bati lililobaki lilimeguka na kudondoka chini vipande vipande, kama chapati iliyoungua.

"Mzee," akaniambia, "hii gari ulijua kama ina mimba?"

Wenzake wawili waliokuwa wananyoosha mlango wa pikapu wakaacha kazi, wakaja. Mmoja akaishika ile pamba kwa vidole viwili. "Sasa hii tuiweke daraja gani? Safi au fifi?" Pamba nzuri huku kwetu inaitwa safi, na ile chafu ni fifi. "Hapana, hii ni fifi. Ila bosi ungevumilia tu. Msimu unafunguliwa karibuni, wangekuja kuinunulia hapa hapa Kabasa."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisimama na ile pamba miguuni pangu na nilijua imetoka kwa nani, imewekwa siku gani, na nani alishika tochi wakati inawekwa. Aliyeshika tochi ni mimi.

Niseme kwanza kwa nini nilikuwa pale gereji ya Kabasa, karibu na Bunda mjini. Siku ile ilikuwa Jumanne. Mnunuzi mmoja wa pamba mjini Bunda alikuwa anakodi magari ya kupeleka makarani na mizani vijijini msimu mzima, na alitaka magari yanayoweza kupita popote. Yangu inapita popote. Ni ya zamani, magurudumu yote manne yanavuta, na injini yake sijawahi kuilaumu. Lakini mkaguzi wao alipoinama nyuma akaona bati za juu ya tairi, zile zilizopinda kama upinde, zimevimba na kupasuka. Akasukuma kwa kidole gumba, kidole kikazama. Akasema, "Karani wangu akikaa benchi hili la nyuma, mguu utatokea barabarani. Nenda kashone hii. Jumamosi saa nne uilete. Jumamosi isipofaa, nachukua ya mwingine." Hakunitukana. Alisema ukweli. Wengine walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu na magari yao, na mimi sina kazi nyingine. Safari za maziwa kutoka Butiama zilinitoka walipoanza kutumia pikipiki. Kwa hiyo Jumamosi ile ndiyo ilikuwa kila kitu.

Sasa nirudi kwenye pamba.

Kutu yenyewe siwezi kumsingizia mtu. Ilianza na mimi. Miaka ile ya Butiama nilikuwaga nabeba maziwa asubuhi, na siku za mnada nabeba chumvi ya ng'ombe. Chumvi inamwagika, inachuruzika kwenye pembe za sakafu, na chini kule tope la barabara linajazana ndani ya matao linakaa mpaka liote majani. Sikuwahi kuingiza mkono kule. Nilikuwa naosha juu, panapoonekana na watu. Hilo ni kosa langu na naliandika kwanza, ili mtu asije akasema nimeficha.

Matundu yalipotokea, mwaka jana baada ya mavuno, baba mkwe alikuwa ametutembelea kwetu Bweri. Baba mkwe wangu ni fundi mitumbwi. Kwao ni kijiji cha pembeni mwa Kisorya, na mitumbwi mingi inayolala kwenye mchanga wa kule imepita kwenye mikono yake. Ufa wa mtumbwi anauziba kwa pamba. Anaisokota na mafuta, anaishindilia katikati ya mbao kwa nyundo ya mti, halafu juu anagongomea ukanda wa bati la debe. Mtumbwi unakaa miaka. Sijaona mtu wa kumpita kwa kazi hiyo, na hata sasa nikiwa na hasira siwezi kusema vinginevyo.

Akaizunguka gari yangu. Akaweka kidole kwenye tundu. Akasema, "Hii nayo inavuja tu, kama mtumbwi. Mkwe, niletee pamba."

Nimefungua daftari langu la mwaka jana kuangalia nilijibu nini, maana mke wangu anasema mimi ndiye niliyemwomba. Nimeandika hivi: Baba kasema matundu ataziba yeye. Nimesema sawa. Basi. Sikuomba. Lakini pia sikukataa, na nilifurahi, kwa sababu fundi wa mjini nilikuwa namwogopa. Nilimletea pamba mwenyewe, nikamshikia tochi. Akashindilia siku mbili. Akafunika na mikanda ya bati, akapiga ribiti, akapaka lami, na mimi nikapaka rangi. Ilipendeza. Majirani walikuja kuangalia.

Akiwa anaondoka akaniambia neno ambalo nimelifikiria sana tangu Jumanne ile. Alisema, "Mtumbwi ukiukalisha nchi kavu, pamba inanywea, ufa unafunguka. Na hii usiiache ikauke. Iloweshe jioni jioni."

Nami nikailowesha.

Naona aibu kuandika lakini ndivyo ilivyokuwa. Toka mavuno mpaka masika, kila jioni nikirudi nilichota ndoo ya maji nikamwagia matao yote mawili, polepole, mpaka maji yaanze kudondoka chini. Mimi niliyesoma mpaka darasa la saba, niliyefundishwa shuleni kwamba chuma na maji vikikutana ni kutu. Niliandika hata mtihani wa hilo swali. Lakini aliyesema ni baba mkwe, na baba mkwe hakosei kuhusu maji. Kama nilikuwa na safari ya mbali nilimwachia mke wangu kazi ya kusubiri nirudi na kunikumbusha. "Baba watoto, umeinywesha?" Ndivyo alivyokuwa akisema. Kunywesha, kama ng'ombe.

Jumanne ile fundi alipomaliza kuvuta upande wa kulia akafungua wa kushoto. Vile vile. Akaniambia, bila mzaha sasa, "Mzee, tundu la kutu ungeliacha wazi lingekula polepole. Aliyeweka hii amelifungia maji ndani. Imekula mpaka sakafu. Nani kakufanyia hivi?"

Nikasema, "Fundi mmoja."

"Mtafute umrudishie pamba yake."

Nilirudi Bweri na ile pamba kwenye kiroba. Njia nzima kutoka Bunda nilikuwa napanga maneno. Mke wangu alikuwa anachambua dagaa uani. Nikaiweka mbele yake.

"Kazi ya baba yako hiyo."

Akaiangalia. "Mbona inanuka hivyo?"

"Imeoza. Na gari imeoza. Na Jumamosi nikikosa, tunakula hiyo hapo."

"Usiniletee sauti. Ulimwomba mwenyewe."

"Sikumwomba. Nimeandika."

"Basi nenda kamsomee hilo daftari," akasema, akaendelea na dagaa zake. Halafu, bila kunitazama: "Baba alifanya kwa upendo. Hakukuambia nenda kaiharibu."

Ni kweli alifanya kwa upendo. Hasira yangu ingekuwa rahisi zaidi kama angefanya kwa ubaya.

Jumatano tukapanda basi mpaka Kisorya, mimi na yeye na kiroba. Nilitaka mzee aione kwa macho yake. Sijui nilitaka nini baada ya hapo. Labda nilitaka aseme, "Nimekosea, mkwe," maneno mawili tu, nirudi kazini nikiwa mwepesi.

Sasa kwetu mtu hamwambii baba mkwe neno la lawama uso kwa uso. Neno linapitishwa kwa mwingine, hata kama mmekaa wote pamoja na kila mtu anasikia. Tulimkuta kwenye kivuli cha mtumbwi uliogeuzwa, anashindilia. Tukamsalimia, tukapewa viti. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie baba kwamba gari imeoza matao yote mpaka sakafu, kwa sababu ya pamba."

Mke wangu akamgeukia baba yake. "Baba, mkwe wako anakusalimia sana. Anasema gari imesumbuliwa kidogo na masika."

"Sijasema masika," nikamwambia.

"Anasema na barabara pia."

Mzee akaendelea kugonga. Akasema, "Mwambie pole. Barabara ya Butiama ni mbaya."

Nikachukua kiroba nikamwekea mke wangu mapajani. "Mwonyeshe."

Mzee akaweka nyundo chini. Akaitoa ile pamba, akaifumua, akainusa, akaikamua mpaka maji meusi yakamtiririka kwenye kiganja. Aliichunguza muda mrefu, nami nikawa nasubiri yale maneno mawili. Kisha akaipasua katikati, akamwonyesha binti yake.

"Mwulize mkwe wangu, mbona hapa katikati pakavu?"

Mke wangu akaangalia kweli, na akanigeukia. "Anauliza mbona katikati pakavu."

"Nimesikia."

"Mwambie kuna siku alizoruka," mzee akasema. "Pamba inasema yenyewe. Ningekuwa mimi nailowesha, isingefika hapo."

Kama kuna wakati nilikaribia kumtukana mtu mzima maishani mwangu ni pale. Nilisimama, nikaenda mpaka maji yanapoanza, nikakaa huko mpaka mke wangu aliponiita tule. Sikula. Nilisema tumbo linaniuma. Tena, kwa haki, kuna siku niliruka. Nilipougua malaria niliruka wiki nzima. Sasa hilo ndilo lililonitesa kwenye basi la kurudi: nilijikuta najiuliza kama kweli ningemwagia wiki ile gari ingepona. Nikajikasirikia kwa kujiuliza.

Alhamisi asubuhi fundi alikuwa ameshakata bati lote bovu. Gari imekaa juu ya matofali, nyuma wazi, unaona barabara kupitia sakafuni. Alikuwa anapima bati jipya. Nikamwona baba mkwe anaingia getini.

Alikuja peke yake kutoka Kisorya, nadhani binti yake ndiye aliyemwelekeza. Alivaa koti lake la kanisani. Begani ana gunia, mkononi ile nyundo ya mti. Akafungua gunia mbele ya mafundi wote: pamba mpya, nyeupe, imejaa. Na kopo la mafuta.

"Mkwe," akasema, na hapo hapakuwa na mtu wa kupitishia neno, "ile ya kwanza ilikuwa kidogo. Safari hii tunashindilia sawasawa."

Yule kijana wa safi na fifi akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Fundi wangu akaniangalia mimi. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi saa nne.

Nilitafuta mtu. Nawaambia ukweli, nilizungusha macho pale nikitafuta mtu wa kumwambia amwambie. Hapakuwa na shemeji, hapakuwa na mke wangu, na fundi siwezi kumbebesha neno la ukoo. Nikamtazama usoni mwenyewe.

"Baba, hapana."

Akawa kama hajasikia.

"Hapana, baba. Pamba ndiyo imeiozesha. Gari si mtumbwi. Pamba yako imekula gari yangu na kazi yangu inataka kuondoka nayo. Usiiguse."

Sauti yangu ilipanda, nadhani. Hata ile mashine ya kuchomelea upande wa pili ilizimwa. Mzee alisimama na pamba mkononi. Akairudisha kwenye gunia, akalifunga mdomo kwa kamba, taratibu sana, akaenda akakaa juu ya tairi bovu karibu na ukuta. Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Alikaa pale na koti lake la kanisani kwenye jua, na mimi nikawa na hasira ya kusema na hasira ya kuwa nimesema, na sikujua ipi ni ipi. Nilimtumia maji kwa yule kijana. Akayapokea.

Fundi alimaliza tao la kulia mchana. Lilikaa, lakini kwenye mzunguko lina pembe pembe, kama limepigwa na mtu mwenye haraka, na kweli alikuwa na haraka. La kushoto likamshinda. Kila akilikunja linarudi, na akiligonga linakatika ukingoni. Alikata bati la pili. Nalo likapasuka. Jua lilikuwa linashuka, na bati la kutosha lilikuwa limebaki moja.

Baba mkwe akainuka. Hakuniangalia mimi wala hakuniomba. Akamwambia fundi, "Unaligonga kabla halijakubali." Akachukua lile bati, akaliweka juu ya goti, akaanza kulisukuma kwa kiganja, kidogo huku, kidogo kule, kama anavyopinda mbavu za mtumbwi na bati la debe linalofuata mbao. Halafu akalilaza juu ya lile tairi alilokuwa amekalia, akaanza na nyundo ya mti. Hakupiga kwa nguvu. Alipiga mara nyingi. Fundi alisimama akaangalia, mwanzoni na uso wa kumvumilia mzee, mwishoni ameinama karibu kabisa.

Nilitaka lipasuke. Naandika hili kwa sababu daftari ni langu na nikidanganya humu sina pengine pa kusema kweli. Kazi yangu, msimu wangu wote, na bado kuna kipande cha moyo kilitaka bati lile lipasuke mikononi mwake mbele ya watu.

Halikupasuka. Fundi akaliweka mahali pake, likakaa. Akachomelea. Mzee akapanda basi la jioni na gunia lake la pamba, na hatukuagana.

Ijumaa tukapiga msasa, praima, rangi. Jumamosi saa nne mkaguzi akainama. Akagonga kulia kwa vifundo vya vidole, akasogea. Akagonga kushoto, akapitisha kiganja chote kwenye mzunguko mara mbili. Akasema, "Hili la huku nani kapiga?"

Nikasema, "Baba mkwe wangu."

"Angepiga na lile lingine." Akasaini.

Kazi nikaipata. Ningesema hadithi imeishia hapo, lakini nyumbani haikuishia. Mke wangu alishapata habari kabla sijafika, sijui kwa nani. Alinipa chakula kama anavyompa mgeni, kwa adabu. Siku ya tatu akasema, "Ulimwambia baba usoni. Mbele ya mafundi."

"Hapakuwa na mtu wa kupitishia."

"Ungenyamaza mpaka nije."

"Ilikuwa Alhamisi."

Akafikiri. "Mbuzi," akasema. "Utampelekea mbuzi."

Anayo haki, na mimi ninayo haki, na nimeshindwa kuzipanga ipi iko mbele. Wiki zote za kwanza za msimu niliendesha makarani vijijini na hasira ile nimekaa nayo pembeni kama abiria. Mbuzi wa kuomba radhi kwa kusema ukweli. Na kutoka kwake yeye, aliyeniozeshea gari, mbuzi hayupo. Nikishafika hapo nakumbuka tao la kushoto, naendelea kuendesha.

Mbuzi nilimpeleka. Jumapili moja tuliyopumzika tulimfunga nyuma, kwenye sakafu mpya, tukaenda Kisorya, mimi na mke wangu. Mzee alitoka, akapokea salamu. Hakumwangalia mbuzi kabisa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tao la kushoto, akachuchumaa, akaingiza mkono ndani kwa juu. Gari inayozunguka vituo vya pamba inaokota pamba, ndivyo ilivyo, inapeperuka inanasa kwenye tope. Akautoa mkono ukiwa na donge la pamba chafu. Akalishika muda. Halafu akamgeukia binti yake, na mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Mwambie mkwe wangu awe anaitoa hii. Inaozesha bati."

Mke wangu akanigeukia, macho makavu kabisa. "Baba anasema uwe unaitoa. Inaozesha bati."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno ya namna hiyo tangu ile Jumatano, na yalipokuja sikupoa. Nilikasirika upya, kwamba anasema kama vile amenifundisha yeye. Nilimfungua mbuzi, nikamkabidhi kamba mke wangu.

"Mwambie nimesikia," nikasema.